Korongo Hili na Korongo Huyu: Istilahi za Safari ya Familia Mbugani

Kazi ya istilahi haiishii mahakamani wala maabara. Familia inayotoka Mpanda na watoto wadogo kwenda kutazama wanyama wa Katavi, kisha ikaendelea kusini hadi Maporomoko ya Kalambo, inahitaji maneno yaliyo wazi sawa na anavyoyahitaji hakimu. Neno lililochaguliwa vibaya katika kibao cha tahadhari laweza kumfikisha mtoto ukingoni kabla mzazi hajang'amua lilikuwa na maana gani. Katika makala haya tunakusudia kueleza maneno machache ya safari ya namna hiyo, na hasa neno korongo.

Kwanza tuzitaje sehemu zenyewe. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974, na sasa ina eneo la kilomita za mraba 4,471. Lango lake la Sitalike liko kusini mwa Mpanda, mji ambao ndio makao makuu ya Mkoa wa Katavi tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Humo mna Mto Katuma, uwanda wa Katisunga na maziwa ya Katavi na Chada, ambako wakati wa kiangazi viboko husongamana kwa mamia katika madimbwi ya tope. Barabara kuu ya kwenda Sumbawanga hupita ndani ya hifadhi. Mbele ya Sumbawanga, katika mpaka wa Tanzania na Zambia, Mto Kalambo huanguka zaidi ya mita 200, kisha hupita katikati ya kuta za mawe kuelekea Ziwa Tanganyika.

Je, mahali hapo panapopita mto katikati ya kuta za mawe paitwe nini? Mtafsiri anaweza kuvutwa na maneno matatu: bonde, genge na korongo.

Neno bonde halitoshi. Kwa mtoto wa Katavi, ambako mpunga hulimwa, bonde ni mahali pa kushukia kwa miguu na jembe begani. Halimwonyi jambo lolote. Aidha, bonde limekwisha kupewa kazi nyingine ya kitaalamu katika istilahi bonde la ufa, yaani ardhi iliyodidimia kati ya nyufa za gamba la dunia. Hifadhi ya Katavi yenyewe imo katika mkono wa Bonde la Ufa unaoishia Ziwa Rukwa. Hapo hapakuchimbwa na mto.

Genge ni ukuta wa mwamba uliosimama wima, nalo ni neno zuri kwa upande mmoja wa Kalambo. Lakini mijini, genge ni kibanda cha kuuzia nyanya na vitunguu, na mtoto hutumwa huko kila jioni. Kibao kisemacho "Genge mbele" chaweza kumtia mtoto hamu badala ya hofu.

Linabaki korongo, yaani mfereji mkubwa wenye kuta za wima uliochimbwa na maji. Ukubwa si kigezo. Kigezo ni kazi ya maji na wima wa kuta. Kwa hiyo kijito kilichokata shamba huacha korongo, na Olduvai kule Ngorongoro, yenye urefu wa kama kilomita 48 na kina cha kama mita 90, ni korongo. Hali kadhalika Grand Canyon ya Arizona, Marekani, iliyochimbwa na Mto Colorado kwa urefu wa kilomita 446 na kina kinachozidi mita 1,600, ni korongo. Mwalimu wa jiografia anayewaambia wanafunzi kuwa ni "bonde kubwa" amewanyima nusu ya somo.

Hata hivyo, korongo nalo lina ndugu zake. Korongo ni ndege mkubwa mwenye miguu mirefu. Korongo pia ni mnyama wa jamii ya swala, mwenye pembe zilizopinda kuelekea nyuma, naye ni mmoja wa wanyama wanaoifanya Katavi ijulikane. Huko Kalambo jambo hili limefikia kilele chake, kwani ndege wa jamii ya korongo, wale wenye kifuko shingoni, hutaga katika kuta za korongo lenyewe. Mzazi akisema "Tazameni korongo!", mtoto atazame juu, mbele au chini?

Wako watakaoshauri tubuni neno jipya. Sisi hatuoni haja hiyo, kwa kuwa sarufi ya Kiswahili imekwisha kulitatua tatizo. Wanyama na ndege huchukua upatanisho wa viumbe hai: korongo huyu, korongo mrefu, korongo anakuja. Ardhi huchukua upatanisho wa *li-*: korongo hili, korongo refu, korongo lina kina. Hatari huanza pale mwandishi wa kibao, kwa kubana nafasi, anapoandika nomino peke yake. Nomino ikiachwa pweke, korongo watatu hao huwa mmoja. Badala ya "Korongo mbele", na aandike: "Hatari! Korongo hili lina kina kirefu. Shika mkono wa mtoto." Maneno yameongezeka, lakini shaka imeondoka.

Kanuni iyo hiyo ya kusikiliza sarufi hutusaidia katika chombo cha safari. Baadhi ya wageni huja na gari ambalo ndani yake mna vitanda, jiko na meza, na familia hulala humo. Tuliite gari-nyumba au nyumba-gari? Katika Kiswahili, neno la kwanza ndilo linalotaja jinsi ya kitu, na la pili huonyesha aina yake. Askari kanzu ni askari. Chombo hiki hutiwa mafuta na huendeshwa na dereva mwenye leseni, basi ni gari: gari-nyumba, wingi wake magari-nyumba. Karavani libaki kuwa jina la kile kinachokokotwa na gari jingine.

Mwisho, mtafsiri asidharau neno la mahali. Inzi aenezaye malale huitwa mbung'o katika vitabu vingi, lakini katika mikoa ya magharibi watu wengi humwita ndorobo. Inzi huyu huvutwa na kitu kikubwa kinachokwenda, na pia na rangi ya buluu na nyeusi. Maelezo yanayowataka wazazi wafunge vioo na kuwavika watoto nguo za rangi hafifu yataje majina yote mawili, ili mgeni na mwenyeji waelewe pamoja.

Kwa muhtasari, twapendekeza: bonde la ufa kwa ardhi iliyodidimia, korongo kwa kilichochimbwa na maji, genge kwa ukuta mmoja wa mwamba, ukingo kwa mahali pa kusimama na kuogopa. Na popote neno korongo liandikwapo kwa ajili ya usalama wa watu, lisiachwe bila upatanisho wake. Tofauti ya refu na mrefu ni herufi moja tu, na mtoto anayejifunza kusoma huisoma.