Two Oceans: Kimbia kwanza, utalii baadaye

ACHANA na zile safari za kufuata timu ugenini, unapanda basi usiku pale Msimbazi au Jangwani, unaimba hadi koo linakauka, halafu kesho yake unakaa jukwaani kuangalia wengine wakihangaika kwa niaba yako.

Kwenye safari hii mchezaji ni wewe. Ukipangua ratiba, hakuna kocha wa kumlaumu.

Tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya dunia ya marathon kule Tokyo, Septemba 2025, kwa kumpiku Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 tu, vijiwe vyetu vya soka vimepata mada nyingine. Jamaa waliokuwa wanabishana penalti hadi saa nne usiku, sasa wanabishana soli za viatu. Na swali ninaloulizwa kila mara ni lile lile: "Kaka, nikitaka kukimbia nje na nikaona nchi ya watu, niende wapi?"

Jibu langu ni Cape Town. Lakini nikishalijibu huwa naongeza stori ya pili, ambayo hainipi sifa.

Kule kuna mbio inaitwa Two Oceans, yaani Bahari Mbili. Inafanyika Aprili. Kwa miaka mingi ilikuwa Jumamosi ya Pasaka, lakini siku hizi tarehe inahama, hivyo usikate tiketi kwa kufuata kalenda ya kanisa. Umbali wake ni kilomita 56. Ukimaliza 42 za marathon ya kawaida, zinabaki 14, na hizo 14 ndizo zenye maneno.

Mwalimu wa jiografia atakwambia Bahari ya Hindi na Atlantiki zinakutana rasmi Cape Agulhas, zaidi ya kilomita 150 kutoka pale. Yuko sahihi. Mwache, jina limeshakaa.

Ilianza mwaka 1970 na wakimbiaji 26 tu, kama mazoezi ya kujiandaa na Comrades, ile mbio ya karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg. Ilikuwa enzi za ubaguzi wa rangi. Weusi waliruhusiwa rasmi mwaka 1975, na mwaka uliofuata tu Gabashane Vincent Rakabaele wa Lesotho akabeba ushindi. Mwaka 1988 Thompson Magawana akamaliza kwa saa 3, dakika 3 na sekunde 44. Piga hesabu mwenyewe: ni kama dakika 3 na sekunde 17 kwa kila kilomita, mara 56, na milima ndani yake. Rekodi hiyo ilikaa zaidi ya miongo mitatu bila kuguswa.

Mimi na wewe tunapewa saa saba za kukimbia. Na saa inaanza kuhesabu bastola inapolia mbele, hata kama wewe bado uko nyuma unafunga kamba za viatu.

NILIVYOPIGWA NJE

Mara ya kwanza nilienda kama shabiki. Nilitua Alhamisi usiku. Ijumaa asubuhi nikapanda boti kwenda Kisiwa cha Robben. Mchana nikakuta foleni ya kigari cha waya cha Table Mountain ni ndefu, nikaona isiwe tabu, nikaupanda mlima kwa miguu kupitia Platteklip, ngazi za mawe juu kwa juu. Jioni nikazunguka Waterfront nikipiga picha na kula samaki hadi usiku. Nililala na tabasamu.

Kesho yake kwenye kilomita ya 30 miguu ikaanza kunikumbusha zile ngazi.

Kwenye mteremko wa kuingia Hout Bay mapaja yakagoma kabisa. Nikalipita bango la kilomita 42, watu wanashangilia, mimi natembea. Mbele yake kuna mlima unaitwa Constantia Nek, kilele chake ni karibu kilomita ya 46. Kabla sijafika juu muda wa kituo ukaisha. Ofisa mmoja akanyoosha mkono, akanitazama kama mwamuzi anayetoa kadi nyekundu asiyoitaka, akanionyesha basi.

Ndani nilikuta watu kama ishirini, hakuna anayeongea. Nimewahi kurudi kwenye basi la mashabiki tuliofungwa tano. Lile lilikuwa na kelele kuliko hili.

Nilikaa miaka miwili nasikia aibu ya basi lile. Niliporudi niligeuza ratiba nzima: mbio kwanza, kila kitu kingine baadaye. Hicho ndicho ninachotaka ukichukue kwenye makala hii.

UTALII UKO BARABARANI

Kosa langu lilitokana na kutojua kwamba utalii mwenyewe uko ndani ya mbio. Kwenye njia iliyozoeleka unaanzia Newlands gizani, katikati ya maelfu ya watu, kila mmoja anatoa mvuke mdomoni kama sufuria. Mnateremka kusini, jua linachomoza, mnakutana na bahari pale Muizenberg. Kuanzia hapo hadi Kalk Bay na Fish Hoek barabara, reli na maji vinakwenda sambamba, na kuna sehemu unasikia wimbi kuliko unavyosikia viatu vya jirani yako.

Hapo ndipo mtego ulipo. Karibu nusu ya kwanza haina milima ya maana. Mbongo aliyezoea Daraja la Tanzanite na Coco anajiona yuko nyumbani, anaongeza gia. Usiongeze. Hiyo ni sawa na timu inayokimbiza mpira dakika 20 za kwanza ugenini halafu inaomba maji kipindi cha pili.

Mkishakatiza rasi na kufika Noordhoek, upande wa Atlantiki, mnaanza kupanda Chapman's Peak. Naomba nieleze hivi: chukua Kitonga, ile ya Iringa, ng'oa uiweke pembeni ya bahari. Barabara ile ina urefu wa kilomita 9 na kona 114, imechongwa kwenye jabali kati ya mwaka 1915 na 1922. Kulia ukuta wa mawe, kushoto shimo na maji ya bluu chini kabisa. Siku ya mbio magari hayapiti. Utasikia pumzi za watu tu, na ukigeuka utauona ufukwe mweupe wa Noordhoek ulikotoka. Mara ya pili nilisimama pale sekunde 30 nzima kuangalia. Nilikuwa nimezipangia bajeti hizo sekunde 30.

Ujue pia barabara ile ina tabia ya kuangusha mawe. Ilifungwa mwaka 2000 na kufunguliwa tena 2003, na kuna miaka mbio imehamishiwa njia ya Ou Kaapse Weg, ambayo mlima wake ni mrefu zaidi. Kwa hiyo fanya mazoezi ya mlima mkubwa, ukikutana na mdogo ushukuru.

Baada ya Constantia Nek barabara inapita chini ya miti karibu na bustani ya Kirstenbosch. Ni pazuri, ila lami imelala upande na nyonga zitakuuma. Unamalizia kwenye nyasi za Chuo Kikuu cha Cape Town. Mara ya pili niligusa nyasi zile kwa saa 6 na dakika 41, nikavishwa medali ya bluu, ambayo ni ya wanaomaliza kati ya saa 6 na saa 7. Wa kabatini kwangu ni huyo tu, na sipokei maoni.

JIPANGE HIVI

Usajili unaanza mapema na nafasi zinawahi kujaa. Ili uingie kwenye 56 lazima uwe umeshamaliza marathon kamili kwenye mbio inayotambulika, ndani ya muda waliouweka, kabla ya tarehe waliyoiweka. Soma masharti ya mwaka husika mwenyewe, usitegemee mtu wa kwenye kundi la WhatsApp. Wanaokimbia Kilimanjaro Marathon pale Moshi mwishoni mwa Februari waichukulie kama kipimo cha mwisho cha miguu, wakati karatasi za kufuzu zilishamalizika siku nyingi.

Kuna nusu marathon pia, kilomita 21, na ni nzuri kwa anayeanza. Ila nisikufiche: njia yake ya miaka mingi inazunguka kwenye vitongoji na miti ya Constantia. Bahari huigusi. Kama ulichofuata ni bahari, hii haitakutosha.

Mtanzania hahitaji viza kwenda Afrika Kusini kwa matembezi ya hadi siku 90 kwa mwaka. Hata hivyo pale dirishani wanaweza kukuuliza tiketi ya kurudi, unakolala na pesa ya kujikimu, hivyo viwe kwenye begi la mkononi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo beba, hasa kama ndege yako inapitia nchi nyingine.

Fika Jumatano, au Alhamisi asubuhi ikibidi. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja, na hiyo ni faida kwako, kwani saa 10 alfajiri kwao mwili wako unajua ni saa 11 ya Dar. Namba ya kifuani inachukuliwa mjini siku za kabla ya mbio, nenda na pasipoti, chukua, ondoka. Yale mabanda ya viatu yatakusimamisha saa tatu bila wewe kujua, na hizo ni saa tatu za miguu.

Malazi: kila mtu anataka kulala Waterfront karibu na boti na taa. Mimi nasema lala Newlands, Claremont au Rondebosch. Asubuhi ile barabara nyingi zinafungwa, na dereva wa teksi atakayekuacha mbali na mstari amekuongezea kilomita mbili za bure.

Aprili kule ni kuelekea baridi. Beba sweta chakavu la kusimamia pale mwanzo kisha ulitupe. Maji yanagawiwa kwenye vifuko vidogo vya plastiki, unang'ata kona unanyonya, kwa hiyo jizoeze kabla. Kunywa ukisikia kiu, usishindane na meza za maji. Viatu vipya viache dukani.

Na hili nalisema taratibu ili lieleweke. Kuna tabia ya wachezaji wetu wa ndondo kumeza diklofenaki kabla ya mechi. Kwenye saa sita au saba za kukimbia huku mwili umekauka, dawa za aina hiyo zinaweza kuumiza figo. Kama goti linakulilia Ijumaa kiasi cha kuhitaji dawa, Jumamosi kaa pembeni ushangilie wenzako pale Kalk Bay. Mbio itakuwepo mwakani.

Mazoezi? Dar ni tambarare, lakini Pugu na Kisarawe vipo. Panda, na muhimu zaidi, jizoeze kuteremka. Kilichoniua mimi mara ya kwanza kilikuwa ule mteremko wa Hout Bay.

JUMAPILI YA SOKA

Sasa ndiyo muda wa kutembea. Mashabiki wa Mnyama wanakumbuka Aprili 2025, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Stellenbosch, timu ya mji ulio kama kilomita 50 tu kutoka Cape Town. Waliodhani wangeuona mji huu waliishia Durban, mechi ya marudiano ilipopigwa Moses Mabhida. Hili ni deni lenu.

Uwanja wa Cape Town, ule wa Kombe la Dunia 2010, uko Green Point, bahari hatua chache. Hapo ndipo Ujerumani iliipiga Argentina ya Maradona 4-0, na Messi akarudi nyumbani bila bao hata moja kwenye fainali zile. Kisha nenda Bo-Kaap, zile nyumba za rangi za Waislamu wa Cape, ukale sambusa. Zao wanazikunja ndogo kuliko za kwetu, ila mkono ni ule ule.

Lakini ukipata nafasi ya kitu kimoja tu, panda boti ya Kisiwa cha Robben. Kata tiketi mapema kwa sababu upepo ukikasirika boti haziondoki. Watu wengi wanakwenda kwa ajili ya chumba cha Mandela. Shabiki wa soka ana sababu ya pili. Miaka ya 1960 wafungwa waliwadai wakuu wa gereza haki ya kucheza mpira hadi wakaipata, wakaunda ligi yao, Makana, yenye madaraja, waamuzi na rufaa, ikiendeshwa kwa sheria za FIFA. Jacob Zuma alicheza humo. Mandela hakuruhusiwa, yeye na wenzake walitengwa kwenye jengo lao. Mwaka 2007 FIFA ikaipa Makana uanachama wa heshima. Wanaokutembeza ndani ya gereza ni watu waliofungwa humo.

Mara ya kwanza niliyasikia haya Ijumaa, akili ikiwa kwenye saa ya mkononi. Mara ya pili nilisikiliza kila neno, sikuwa na haraka ya kwenda popote. Kwanza nisingeweza. Wakati wa kushuka kwenye boti nilizishuka ngazi kinyumenyume, nimeshika chuma kwa mikono miwili, na pembeni yangu mzee mmoja anashuka vile vile. Tulipofika chini tukatazamana, kila mtu na medali yake ya bluu shingoni, tukacheka hadi watu wakageuka.