Ugonjwa wa Jongo na Mlinzi wa Mwili

Hapana shaka wengi wenu mmepata kumwona mzee aliyelala mzima, na usiku wa manane kidole gumba cha mguu kikavimba na kuwaka moto, hata asiweze kuvumilia shuka juu yake. Ugonjwa huu ndio jongo. Mzee mmoja wa ukoo wetu alipopatwa nao, watu walisema amerogwa, na jirani yake akachukiwa bure. Kwa hiyo nataka kueleza asili yake.

Katika damu ya kila mtu mna taka iitwayo asidi ya uriki, ambayo figo huitoa kwa mkojo. Ikizidi, yaweza kugeuka fuwele ndogo sana, zenye ncha kama sindano, ndani ya viungo.

Sasa, chembe nyeupe za damu zina vitambuzi vya kuzaliwa navyo, ambavyo hugundua hatari bila kufundishwa. Kimojawapo huitwa NLRP3. Chembe ikimeza fuwele, kitambuzi hiki huamka, na chembe humwaga interlukini-1, ambayo ni kama mbiu ya mgambo. Chembe nyingine humiminika pale, damu hujaa, na kiungo huvimba na kuuma. Mwaka 2006 Jürg Tschopp na wenzake huko Lausanne, Uswisi, walionyesha jambo hili.

Basi maumivu hayaletwi na kijidudu wala mchawi, bali na mlinzi wetu wenyewe apigaye mbiu. Mara nyingi shambulio hupoa lenyewe baada ya wiki moja au mbili; ndiyo sababu mganga aliyeitwa siku ya sita husifiwa sana! Lakini fuwele zimebaki, na mbiu italia tena. Miaka ikipita, mfupa huliwa na kiungo huharibika.

Dawa ni za namna mbili. Kolkisini humtuliza mlinzi. Alopurinoli hupunguza asidi yenyewe, ili fuwele ziyeyuke polepole. Kupunguza pombe, maini na nyama nyingi pia kwafaa.

Enyi wenzangu, na ninyi mliokwisha kumaliza masomo, mzazi akipatwa na uvimbe huo mpelekeni hospitali upesi. Kiungo chaweza kuvimba kwa vijidudu vilevile, na yapasa daktari apambanue. Tena apimwe figo. Wala jirani asisingiziwe.