Gesi Nayo Yahitaji Hewa

Wengi wetu hapa Mombasa tumeacha makaa tukahamia gesi, tukadhani moshi ukiondoka na hatari imeondoka. Mimi naona hapo twajidanganya.

Gesi haiwaki bila hewa. Kilo moja ya gesi ya mtungi huhitaji zaidi ya mita 12 za ujazo za hewa, na chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10 huwa na kama 25 tu. Sasa mlango umefungwa, dirisha limezibwa kuzuia mbu, na mbaazi ziko motoni. Hewa ikipungua, gesi huungua nusunusu na kutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hushika damu kuliko oksijeni: mtu huumwa kichwa, hulegea, akalala asiamke.

Tazama moto wako. Ulio mzuri ni wa buluu. Ukigeuka manjano na sufuria zikashika masizi, zima jiko, fungua mlango, kisha umwite fundi.

Nyumba za wazee wetu zilikuwa na ua, na jiko lilikaa uani. Vyumba vya leo havina ua, basi wenye nyumba watoboe matundu mawili ukutani yanayotoka nje: la juu litoe joto na hewa chafu, la chini liingize hewa safi, na gesi ikivuja itokee hapo, kwani ni nzito na hutuama sakafuni. Nasi wapangaji tusiyazibe kwa matambara.