Shoto, Lugha na Nusu Mbili za Ubongo

Kiswahili huuita mkono mmoja wa kulia, yaani wa kulia chakula, na pia wa kuume. Wa pili ukaitwa wa kushoto, au wa kike. Kwa majina hayo, mwenye shoto huonekana kama mtu aliyekwenda kinyume. Sayansi nayo ilielekea huko. Mwaka 1865 daktari Mfaransa Paul Broca alieleza kwamba usemi hutawaliwa na nusu ya kushoto ya ubongo. Kwa kuwa nusu hiyo ndiyo iendeshayo mkono wa kulia, wengi baada yake walidhani kwamba kwa mwenye shoto mpango wote umegeuka, mithili ya sura katika kioo.

Dhana hiyo haikuthibitika. Mwaka 1977 Theodore Rasmussen na Brenda Milner, wa Montreal nchini Kanada, walitoa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa wa kifafa, ambao nusu moja ya ubongo wao ililazwa kwa dawa kwa dakika chache kabla ya upasuaji. Miongoni mwa watumiao mkono wa kulia, asilimia 96 usemi wao ulikuwa katika nusu ya kushoto. Miongoni mwa wenye shoto na watumiao mikono yote miwili, asilimia 70 walikuwa vivyo hivyo; asilimia 15 usemi ulikuwa kulia, na 15 pande zote mbili.

Katika kuona pia hakuna kioo. Kila jicho hupeleka habari katika nusu zote mbili. Kinachovuka ni upande wa mandhari, si jicho. Watumiao mkono wa kulia aghalabu hutambua upesi zaidi neno limulikwalo upande wa kulia, na sura ya mtu imulikwayo upande wa kushoto. Kwa wenye shoto mwelekeo huo haukupinduka, bali kwa jumla umepungua, nao hutofautiana zaidi baina ya mtu na mtu.

Basi mkono si ushahidi wa mahali ilipo lugha. Hata hivyo, uchunguzi mwingi wa lugha na ubongo umezoea kuwaacha nje wenye shoto, ambao ni takribani mtu mmoja katika kila kumi. Nadharia ijengwayo hivyo haielezi lugha ya binadamu; yaeleza lugha ya walio wengi.