Visa vya kale au vipya?

Wadau, kuna mchezo wa mezani unaitwa Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Mmoja anasimulia kisa, wengine mnaigiza wahusika, na dadu ndiyo inaamua kama umefaulu au umekwama.

Ubishi uko kwenye visa vyenyewe. Mwaka 1978 kilitoka Tomb of Horrors cha Gary Gygax: kaburi limejaa mitego, ukikosea kidogo tu mhusika wako kwisha habari yake! Mwaka 2017 kikarudishwa kwenye kitabu cha Tales from the Yawning Portal, pamoja na visa vingine 6 vilivyowahi kutoka. Kwa mkongwe hiyo ni raha, anakumbuka ujana. Lakini mgeni hana cha kukumbuka, yeye anaona amekufa tu bila kujua kosa lake.

Mwaka 2022 kikaja Journeys Through the Radiant Citadel, visa 13 vipya kabisa, waandishi wakichota kwenye tamaduni za kwao.

Mimi sipingi, ya kale ni dhahabu. Ila kisa kinachotegemea kumbukumbu peke yake, siku wakongwe wakiinuka mezani atabaki nani? Nyie mnaonaje?