Kontroli Boksi Haifi Kifo cha Mungu

Hakuna kauli inayomtoa mwenye pikapu jasho kama ile ya fundi: "Kontroli boksi imekufa." Hutamkwa upesi, mara nyingi kabla mita haijatolewa mfukoni, na hufunga mjadala papo hapo, kwa kuwa boksi lenyewe halitoi moshi wala halivuji mafuta mteja akajionea. Maboksi mengi yanayoletwa kwangu kwa hukumu hiyo huwa mazima. Ubovu uko kwingine garini.

Tuchukue gari ambalo kila mmoja analijua: Toyota Hilux ya kizazi cha saba, ile inayoitwa Vigo, yenye injini ya dizeli 1KD-FTV ya lita 3.0 au ndugu yake 2KD-FTV ya lita 2.5. Kontroli boksi lake limejificha nyuma ya kidroo cha dashibodi, upande wa abiria. Humo ndani linasoma sensa za krenki, kamshafti, pedali ya mafuta, joto la maji na presha ya dizeli ndani ya reli, kisha linaamua nozeli ipi ifunguke, lini, na kwa muda gani. Muda huo hupimwa kwa vipande vya elfu vya sekunde. Likinyamaza, stata itazunguka mpaka betri iishe na injini isishike.

Sasa gari limegoma. Fundi anachomeka mashine ya kupima, mashine inasema haipati mawasiliano. Au inasoma kodi U0100 kutoka kwenye boksi jingine la gari, maana yake boksi la injini halijibu linapoitwa. Hapo ndipo wengi wanaporukia hitimisho. Lakini asiyejibu huenda hana umeme tu. Hata kodi P0606, ambayo ni boksi kujishtaki lenyewe kwamba ubongo wake una hitilafu, naipokea kwa tahadhari mpaka nijue hali ya betri. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6, ikishuka chini ya 10 stata inapozunguka, boksi linaweza kujizima na kujiwasha katikati ya kazi, na yanayoandikwa kwenye kumbukumbu wakati huo si ya kuaminiwa sana.

Baada ya betri ni fyuzi, kisha rilei kuu inayolipelekea boksi umeme swichi inapofunguliwa. Hizo hazichukui muda. Kazi yenyewe iko kwenye nyaya za umeme na za ethi zinazoingia kwenye boksi, na hapa sipendi mtu aniambie "nimepima, volti 12 zipo". Mita ya kidijitali haivuti umeme wowote wa maana. Waya uliooza ukabaki na uzi mmoja utaionyesha mita volti 12 kamili, lakini boksi likianza kuvuta umeme, waya huo hauwezi kuubeba. Kwa hiyo chomoa soketi ya boksi, chukua taa ya kawaida ya breki ya wati 21, iunganishe kati ya pini ya umeme na pini ya ethi kwa uangalifu usipanue matundu. Ikiwaka kwa mwanga wake wote, njia ni nzima. Ikififia, ubovu umeshaonekana na boksi halina kosa. Taa ikiwa inawaka, pima pia kati ya pini ya ethi na ncha hasi ya betri: kikionekana zaidi ya kama volti 0.2, kuna bolti ya ethi iliyolegea au iliyoshika kutu, pengine ile ya bodi, pengine ile ya injini. Gari zilizokaa Tanga, Mombasa au Unguja hunipa kesi hizi kwa wingi kwa sababu ya chumvi ya bahari.

Ikiwa njia zote ni nzima, boksi bado halijahukumiwa. Ndani yake kuna sehemu inayoshusha volti 12 kuwa volti 5, na volti 5 hizo ndizo zinazolisha sensa kadhaa kwa pamoja. Sensa moja ikipiga shoti, au waya wake ukichubuka na kugusa chuma, laini nzima huanguka, na kwa baadhi ya magari boksi hunyamaza kana kwamba limekufa: taa ya injini haiwaki swichi ikifunguliwa, mashine ya kupima haiongei nalo. Dawa ni kuchomoa sensa moja baada ya nyingine huku mita ikiwa kwenye laini hiyo. Volti 5 zikirudi ghafla, umemshika mwizi, na bei yake ni ya sensa.

Kwenye 1KD-FTV kuna mtego mwingine. Boksi la injini halifungui nozeli lenyewe. Linatuma amri kwa boksi dogo lililo chini ya boneti, EDU, ambalo hupandisha umeme kwa makumi ya volti na kuusukuma kwenye nozeli. (Usiziguse nyaya za nozeli injini ikiwa inazunguka.) EDU ikifa, au umeme wake ukikatika, injini haiwaki, na kodi P0200 huweza kujitokeza. Wapo waliobadilisha boksi la ndani kwa kosa la boksi la nje. Na ikiwa injini inawaka lakini mzunguko wake unapanda na kushuka gari likiwa limesimama, anza na vali ya kudhibiti dizeli kwenye pampu.

Hata hivyo, maboksi mabovu kweli yapo, ila mara chache hufa kifo cha Mungu. Mengi huuawa. Maji yanayopenya kwenye raba ya kioo cha mbele hushuka taratibu nyuma ya dashibodi mpaka pini zinaota kutu ya kijani. Mchomeleaji anaunga ngao ya mbele bila kuchomoa betri. Msamaria mwema anakuja kuwasha gari kwa betri yake na kugeuza nyaya. Kuna na muuaji wa kimya, koili ya vali fulani iliyopiga shoti, ambayo huvuta umeme kupita kiasi hadi inaunguza transista inayoiendesha ndani ya boksi. Huyu wa mwisho ndiye anayeua boksi la pili, na hata la tatu. Kabla ya kufunga jipya, pima ukinzani wa kila koili inayoendeshwa na boksi na ulinganishe na kitabu cha gari.

Ukishaamua kubadilisha, soma namba iliyo kwenye kibandiko cha boksi. Kwa Toyota, namba za kompyuta nyingi za injini huanza na 89661, lakini kinachotofautisha ni tarakimu na herufi zinazofuata: gia za mkono au otomatiki, soko lililokusudiwa, viwango vya moshi. Muuzaji wa vipuri wa Gerezani au Kirinyaga Road atakwambia "1KD ni 1KD". Si kweli. Injini hiyo ilifungwa pia kwenye Prado na Surf, na vipuri vyake vingi hutoka Japani, nchi ambako Hilux yenyewe haikuuzwa kuanzia 2004 hadi 2017. Boksi linaweza kufanana kwa nje na programu ikawa ya gari jingine kabisa.

Kisha kuna ufunguo. Boksi la mtumba linakuja na siri za ufunguo wa gari lililotoka, kwa hiyo mfumo wa kuzuia wizi utalikataa mpaka lisajiliwe upya. Kuna pia kodi za nozeli: kila nozeli ya 1KD imechapishwa mfululizo wa herufi na tarakimu unaoeleza inavyomwaga mafuta, na boksi hutumia taarifa hiyo kusawazisha silinda. Usipoziingiza, injini itawaka, lakini itatikisika na kutoa moshi, na fundi ataanza kufungua nozeli zisizo na ubaya.

Kwa sababu hiyo, pale inapowezekana, napendelea la zamani litengenezwe, au data zake zihamishiwe kwenye boksi la namba ileile. Fundi mwenye vifaa husoma chipu ya kumbukumbu hata kama sehemu nyingine za bodi zimeungua, na siri za ufunguo pamoja na kodi za nozeli zikahama zote kwa mkupuo. Ndiyo maana boksi bovu halipaswi kubaki gerejini wala kutolewa kama nyongeza ya bei. Ondoka nalo. Jipya likifungwa, liendeshe gari mpaka lipate joto kamili, lizime, ulale, uliwashe asubuhi likiwa baridi, ndipo umalizie malipo. Wauza vipuri vya umeme wengi hawapokei marejesho, na mkataba huo wa kulipa baada ya majaribio lazima uuseme kabla spana haijashikwa.