Aliyepunguzwa matiti anaweza kunyonyesha?



Kuna wanawake wenye matiti mazito sana, mpaka mgongo na shingo vinauma kila siku. Daktari anaweza kuyapunguza kwa operesheni. Lakini mimba ikiingia, ulizo linakuja: maziwa yatatoka?

Maziwa hutengenezwa ndani ya titi, kisha hupita katika mirija midogo mpaka kwenye chuchu. Mtoto akinyonya, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo ili maziwa yashuke. Basi, yote yanategemea kisu kilikata nini. Kama chuchu iliachwa ikishikamana na nyama ya chini yake, kuna tumaini zuri. Kama iliondolewa kabisa na kushonwa upya, maziwa huwa machache sana. Muulize daktari alifanya namna gani. Na wewe ambaye hujapasuliwa bado, mwambie mapema kama unataka kuzaa na kunyonyesha.

Mkunga naye ajue habari hiyo tangu wakati wa mimba. Mtoto awekwe kwenye ziwa ndani ya saa ya kwanza, halafu anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku pia.

Titi kujaa si alama ya kutosha, maana maziwa yanaweza kukwama ndani na mtoto akabaki na njaa. Tumwangalie mtoto mwenyewe. Kuanzia siku ya 5, akojoe mara 6 au zaidi kwa siku. Akifika wiki 2, awe amerudia uzito aliozaliwa nao. Akiwa mlegevu, au mkojo ukiwa mchache na mzito, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Maziwa yasipotosha, mtoto anyonye kwanza, kisha aongezewe kwa kikombe safi maziwa ambayo muuguzi ataonyesha. Maji na uji vingoje miezi 6. Hata maziwa kidogo ya mama yanamkinga mtoto na magonjwa. Tena wamama wengine hupata mengi zaidi kwa mtoto wa pili, kwa sababu mirija mingine huungana tena.

Wamama wakwe na majirani, tusimwambie mama huyu kwamba amemnyima mtoto wake. Tumsindikize kupima kilo, na tumshikie kazi za nyumbani apate nafasi ya kunyonyesha.